Nyumba Ghali na Kazi Isiyo na Yakini: Maisha ya Wafanya Kazi wa Ulaya

Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wetu alitujia madrasa, moyo wake umejaa huzuni na hasira. Mwanawe, ambaye sisi wenyewe tulimfundisha tangu alifu hata akakhitimu, yuko London mwaka wa sita sasa, na kwa miezi mitatu hakuleta nyumbani hata senti moja. "Maalim," alituambia, "mwandikie wewe, huenda akakusikia. Mtu alipwaye kwa pauni ashindweje kumkumbuka mamake?" Tukamwahidi kuandika, tukaandika, na kwa kusema kweli tuliandika kwa ukali.

Jawabu lililotufikia halikuwa na kiburi wala udhuru mwingi. Lilikuwa hesabu tupu: saa alizofanya kazi, ujira alioupata, na kodi ya chumba aliyoilipa. Tulipoisoma tuliona haya kwa maneno tuliyomwandikia. Tena tukatambua kuwa hesabu ile si yake peke yake, bali ni ya mamilioni ya wafanya kazi wa Ulaya, weusi kwa weupe, Waislamu na wasio Waislamu. Na sisi tulio huku, ambao twawapeleka watoto wetu huko kisha tukangojea matunda, hesabu hiyo hatuijui. Kwa hivyo tumeona yafaa kuieleza hapa, ili kila nyumba ipate kupima kwa mizani iliyo sawa.

Hesabu ya pauni

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, sheria ya Uingereza iliweka ujira wa chini kabisa, kwa mtu aliyetimiza miaka 21, kuwa pauni 12 na peni 21 kwa saa. Kijana wetu akisikia hivyo huzigeuza pauni zile mara moja zikawa shilingi, na moyo ukamruka. Lakini asahau kitu kimoja: pauni ya London hupatikana London, na hutumika London.

Natutie hesabu. Mtu akifanya kazi saa 40 kila juma, mwaka mzima bila ya kukosa, mapato yake ni wastani wa pauni 2,116 kwa mwezi. Serikali ikishakata kodi yake na mchango wa bima ya taifa, mkononi humbakia kiasi cha pauni 1,800. Na nyumba ya kupanga katika London, kwa takwimu za serikali, mwaka ule ule wa 2025 ilikuwa kwa wastani yapita pauni 2,200 kwa mwezi. Maana yake ni kuwa mtu huyo akimkabidhi mwenye nyumba mshahara wake wote, asile, asivae, wala asipande gari la kumpeleka kazini, hata hivyo atakuwa na deni la pauni mia nne.

Basi hufanyaje? Hupanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya watu wengi. Mwanafunzi wetu hulipa pauni 850 kwa mwezi kwa chumba chenye kitanda na kabati, na jiko na choo hushirikiana na watu watano ambao hakuwachagua. Akitaka kuoa, hana pa kumweka mke. Akitaka kumwita mamake amtazame, hana pa kumlaza.

Kazi isiyo na yakini

Hesabu tuliyoitia ni ya mtu mwenye kazi ya saa 40. Huyu wetu hana kazi hiyo. Yeye husafisha ofisi usiku, na mkataba wake humhakikishia saa 16 tu kwa juma. Zaidi ya hizo ni bahati. Juma moja huitwa kwa saa 40, la pili kwa 25, la tatu kwa zile zile 16, na habari humfikia kwa simu siku mbili kabla. Miezi mitatu ile mama aliyoilalamikia, mwajiri wake alikuwa amepoteza kazi ya majengo mawili, na kila msafishaji akarudishwa kwenye saa 16. Saa hizo ni pauni 195 kwa juma, na kwa majuma manne ni pauni 781. Chumba ni pauni 850. Msomaji aweza kuona mwenyewe kuwa kabla ya kununua mkate, mtu huyu amekwisha kushindwa.

Na wako walio na mkataba dhaifu kuliko huo. Katika Uingereza watu zaidi ya milioni moja huhesabiwa kuwa wana mikataba isiyotaja hata saa moja. Mwajiri halazimiki kuwapa kazi. Huwaita akiwahitaji, na asipowahitaji hukaa nyumbani bila ujira. Wengine huambiwa kuwa si wafanya kazi kabisa, bali ni watu wanaojitegemea, ijapokuwa kampuni ndiyo inayopanga bei ya kazi yao. Madereva wa Uber walilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwezi wa Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikahukumu kuwa madereva wale walioshitaki ni wafanya kazi, nao wana haki ya ujira wa chini na likizo yenye malipo. Haki hiyo iliwachukua miaka kuipata.

Lakini mwenye nyumba hajui habari ya saa kupungua. Kwanza, kabla ya kumpa mpangaji ufunguo, humtaka alete hati za mshahara, mara nyingi alete na mdhamini, na juu ya kodi ya mwezi wa kwanza aweke dhamana ambayo kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2019 yaweza kufika kodi ya majuma matano. Mwenye saa chache hana hati za kuonyesha, na mgeni hana mdhamini. Kwa hivyo huishia kwa wenye nyumba ambao hawaulizi maswali mengi, na hao aghalabu ndio ambao nyumba zao hazifai. Kisha kodi hudaiwa tarehe ile ile kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake. Hapo ndipo ilipo taabu yenyewe: mwajiri haahidi kitu, na mwenye nyumba hasamehe kitu, na mfanya kazi yuko baina yao.

Haikuwa hivi siku zote

Mtu asidhani kuwa mambo haya ni maumbile ya Ulaya, kama baridi yake. Baada ya vita vikuu vya pili kumalizika mwaka 1945, mabaraza ya miji ya Uingereza yalijenga nyumba kwa wingi na kuzipangisha kwa kodi nafuu. Hata ilipofika mwaka 1980 karibu thuluthi moja ya familia za nchi ile zilikuwa zikikaa katika nyumba za mabaraza. Mfanya kazi alijua kodi yake, na alijua kuwa akilipa hatatolewa.

Mwaka huo wa 1980, serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria ya kuwapa wapangaji hao haki ya kuzinunua nyumba zao kwa bei iliyopunguzwa. Hatuwezi kusema kuwa aliyenunua alifanya vibaya, kwani kila mtu hupenda kumiliki alipolala. Katika Uingereza yenyewe nyumba karibu milioni mbili zimeuzwa kwa njia hiyo. Ila zilizouzwa hazikujengwa nyingine kwa kadiri yake. Baba akapata nyumba, na mjukuu wake leo yuko katika orodha ya kungojea, au amepanga kwa mtu binafsi kwa kodi asiyoimudu.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1988, ambayo iliondoa mipaka ya kodi kwa mikataba mipya, na ikamwezesha mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa ilani ya miezi miwili pasipo kutaja kosa lolote. Utaratibu huo ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Sheria iliyopitishwa mwezi wa Oktoba 2025 ndiyo iliyoamua kuufuta, kuanzia tarehe 1 Mei 2026.

Aliyetolewa akiwa na watoto hupelekwa na baraza la mji katika makao ya muda. Neno "muda" lisitudanganye, kwani wako wanaokaa humo miaka. Wengine hupewa chumba kimoja cha hoteli au cha nyumba ya wageni. Baba, mama na watoto hulala humo humo, na kitabu cha shule huandikiwa juu ya kitanda. Mwaka 2025 watoto waliohesabiwa katika makao ya namna hiyo katika Uingereza walipita 160,000. Mtoto huyo leo husoma shule hii, kesho huhamishiwa mtaa wa mbali na kusoma shule nyingine. Sisi tufundishao watoto twajua hali hiyo humfanya nini mwanafunzi. Mtoto asiye na mahali hasikii somo, hata kama akili yake ni nzuri.

Mfanya kazi wa Martorell

Msomaji aweza kusema kuwa Uingereza ni nchi moja tu. Ni kweli. Lakini katika Umoja wa Ulaya nako watu wa takwimu wana kipimo chao: mtu huhesabiwa kuwa ameelemewa na nyumba iwapo gharama zake hupita 40 katika kila 100 ya mapato yaliyomo mkononi mwake. Huko Ugiriki, mwaka 2023, zaidi ya robo ya watu walikuwa wameelemewa hivyo. Na hata pale mtu anaposema, "Mimi sipangi, nitanunua," kazi isiyo na yakini humfuata mpaka ndani ya nyumba aliyoinunua. Kwa mfano wa hayo twende Hispania.

Mwezi wa Julai 2007, mfanya kazi mmoja mwenye asili ya Morocco, mkazi wa mji wa Martorell karibu na Barcelona, alikopa euro 138,000 katika benki kwa kuiweka nyumba yake rehani, alipe kwa muda wa miaka 33. Mshahara wake wakati ule ulikuwa euro 1,341 kwa mwezi. Mwaka uliofuata, shida kubwa ya fedha ilipoanza kuiangukia Hispania, mtu huyo akashindwa kulipa. Mkataba ulisema kuwa akichelewa atatozwa riba ya 18.75 kwa mia kwa mwaka. Nyumba ikapigwa mnada, na mnunuzi asitokee. Kwa sheria ya nchi ile, ikahesabiwa kwa nusu ya thamani yake. Mwezi wa Januari 2011 akatolewa nje. Na katika Hispania, kuitoa nyumba peke yake hakukulifuta deni lote. Kilichobaki kiliendelea kudaiwa.

Waislamu tuna neno letu juu ya riba, wala si haja kulirudia hapa. Yatosha kumtazama mtu huyu, aliyepoteza nyumba na deni lisimwishe. Wala hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Hispania ilikuwa na watu zaidi ya milioni sita wasio na kazi, nao ni zaidi ya robo ya wote watafutao riziki. Na katika vijana walio chini ya miaka 25, zaidi ya nusu. Wengi walikuwa wakifanya kazi za mikataba ya muda, na watu hao ndio waliokuwa wa kwanza kuachishwa, kwani kumwachisha hakumgharimu mwajiri sana. Kila mmoja wao alikuwa na kodi au rehani ya kulipa.

Ndipo watu wakaanza kusaidiana. Mwaka 2009 katika Barcelona kiliundwa chama cha walioathirika na rehani, Plataforma de Afectados por la Hipoteca. Wanachama wake walikuwa wakikusanyika mlangoni kwa jirani siku ya kutolewa kwake, wakasimama kumkinga. Msemaji wao mmoja, Ada Colau, baadaye alichaguliwa kuwa meya wa mji ule mwaka 2015. Na yule mfanya kazi wa Martorell alikwenda mahakamani kushitaki kuwa masharti ya mkataba wake ni ya dhuluma. Hakimu wa Barcelona akaipeleka hoja hiyo katika Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg. Tarehe 14 Machi 2013 mahakama hiyo ikahukumu kuwa sheria ya Hispania haipatani na sheria ya Umoja, kwa sababu haikumpa hakimu uwezo wa kuzuia mtu asitolewe huku malalamiko yake juu ya mkataba yakisikilizwa. Hispania ikalazimika kuibadilisha sheria yake mwaka huo huo.

Mtu mmoja mgeni, mwenye mshahara wa euro 1,341, aliwafungulia wengine mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufungiwa miaka miwili kabla. Na upande wa kazi pia Hispania ilijirekebisha. Tangu mwaka 2022 sheria yake huuhesabu mkataba wa kazi kuwa ni wa kudumu, ila mwajiri athibitishe sababu ya kuufanya wa muda. Na mikataba ya muda imepungua sana.

Mji wa Vienna

Tungekosea tukimaliza hapo, msomaji akafikiri kuwa Ulaya nzima imeshindwa. Mji wa Vienna, katika Austria, ulishika njia nyingine zamani. Mwaka 1923 baraza la mji ule liliweka kodi maalum ya ujenzi wa nyumba, wenye makao ya fahari wakatozwa zaidi na wanyonge wakatozwa kidogo, na kwa fedha hizo likajenga. Hata kufikia mwaka 1934 lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000. Jengo la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake mliwekwa mahali pa kufulia, pa kuogea na pa kulea watoto. Mpaka leo Vienna haikuziuza nyumba zake. Nyumba za baraza ni kiasi cha 220,000, na ukizijumlisha na zile zijengwazo kwa msaada wa serikali, karibu nusu ya watu wa mji ule hukaa humo. Mwenye kazi ndogo hukaa mtaa mmoja na mwenye kazi kubwa.

Si pepo ile. Mtu hana budi awe amekaa mjini humo miaka miwili ndipo aombe nyumba ya baraza, na mgeni katika miaka hiyo hupanga ghali kama mgeni mwingine yeyote. Walakini mji ule watuonyesha kuwa kodi kali haikuandikwa juu ya kipaji cha mtu. Ni jambo lililoamuliwa na watu, na watu waweza kuamua vingine.

Yanayoingia nyumbani

Taabu hii haikomi kwenye fedha, bali huingia katika nyumba yenyewe. Katika Hispania na Italia kijana wa leo huondoka kwa wazazi wake akiwa na umri wa kiasi cha miaka 30. Wala si kwa uvivu. Hana mkataba wa kumwonyesha mwenye nyumba, kwa hivyo ndoa hungojea, na watoto hungojea. Waliokwisha kuoa, mara nyingi mume hufanya kazi usiku na mke mchana, wakapishana mlangoni, na mtoto akalelewa kwa zamu. Mtu asiyejua juma lijalo ataitwa saa ngapi hawezi kumwahidi mtoto kuwa Jumamosi watatoka pamoja. Hata sala ya jamaa na futari ya pamoja huwa hesabu ya zamu. Mgonjwa naye huenda kazini na homa, kwa kuchelea asiitwe tena.

Mwanafunzi wetu alituandikia neno moja katika barua yake ambalo hatujalisahau. Alisema kuwa njaa aliizoea tangu utoto, na baridi ameizoea. Kitu asichoweza kukizoea ni kutojua.

Wasia wetu

Tulimwita yule mama tukamsomea barua ya mwanawe, tukamtilia hesabu kama tulivyoitia hapa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha hakuuliza habari ya fedha. Aliuliza, "Kumbe chumbani mwake kuna dirisha?" Hatukuwa na jawabu, tukamwambia ampigie simu amuulize mwenyewe. Akampigia pale pale, na wakazungumza hata adhana ya alasiri.

Wazazi, twawausia mambo mawili. Mwulizeni mtoto aliye ugenini kodi yake kabla ya kumwuliza atatuma nini. Wala msimlinganishe na mwana wa jirani, kwani hamjui mkataba wa huyu wala chumba cha yule. Wako wanaokopa ili watume, wakaona bora deni kuliko lawama, na deni hilo huwala.

Vijana, hatuwakatazi kusafiri. Ardhi ni pana, na wengi wamesafiri wakafaidika. Lakini nendeni na ufundi mikononi, maana fundi huulizwa na asiye ufundi huchaguliwa. Kabla ya kutia saini ulizeni: saa ngapi zimehakikishwa? Chumba ni kiasi gani, na wangapi wamo ndani? Mkifika, ingieni katika vyama vya wafanya kazi na vya wapangaji, kwa kuwa yule wa Martorell hakushinda kwa kuona haya na kujifungia.

Na sisi sote tuliobaki tujitazame. Miongoni mwetu wako wenye nyumba za kupangisha, na wako wenye maduka na mashamba yenye vibarua. Sote twajua tulivyoamrishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kumpa mfanya kazi ujira wake bila ya kumcheleweshea. Si haki tuwasikitikie watoto wetu wanaohangaika London, na huku mpangaji wetu twampandishia kodi pasi na ilani, au kibarua wetu twamwambia, "Njoo kesho, huenda kazi ikapatikana."

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu walio mbali riziki ya halali na mahali pa kulaza vichwa vyao, na sisi atupe moyo wa kuwafahamu. Amin.